Siku kumi za kujitolea kijijini Chamwino, hela yangu haikupotea

Kuna watu wananiuliza kama ile kozi ya kujitolea ya kikundi cha akina mama huko Chamwino inalipa, naandika hapa mara moja. Jina la kikundi siweki kwasababu usajili haujakamilika na wenyewe wameomba hivo. Ni elfu 60 kwa siku kumi, unakula na kulala kwa wenyeji, hakuna hoteli wala tisheti.

Mimi nilienda na wasiwasi, maana mwaka juzi nililipa laki tatu kwa wakala mmoja tukapelekwa kupaka rangi darasa ambalo lilishapakwa, tukapiga picha na watoto tukarudi mjini. Iliniuma sana.

Huku siku tatu za kwanza hamfanyi kazi yoyote, unapita kwenye kaya, unasalimia mbukwa (salamu ya Kigogo), unakaa unasikiliza. Siku ya nne mwalimu wetu (wote tunamwita bibi) akatuamsha saa kumi na moja alfajiri twende kisimani tuhesabu madumu. Mama mmoja ana watu saba nyumbani na alipata madumu mawili tu, tukapiga hesabu mchangani kwa kijiti, lita 40 gawa kwa saba haifiki hata sita kwa mtu. Sasa mwongozo wa Sphere ambao mashirika ya misaada yanautumia kwenye dharura unataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na sera yetu ya maji ya 2002 ilisema lita 25, tena ndani ya mita 400. Hizo namba nilizikariri chuoni na mtihani nikafaulu, ila sikuwahi kuona lita sita zikoje: unapika, mnakunywa, mtoto anaoshwa uso na miguu basi.

Sisi vijana tukaanza oh tuandike andiko tutafute mfadhili wa kisima kipya, bibi akatunyamazisha akatupeleka kwa mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji. Daftari lake safi, hela ya kubadilisha mipira ya pampu iliyochakaa ipo, kilichokosekana ni mtu wa kwenda Dodoma mjini kuinunua. Nikatumwa mimi. Jioni ya kesho yake pampu ikaanza kuvuta vizuri na yule mama alijaza madumu manne, nilifurahi jamani mpaka machozi.

Mchana ni shambani kwenye kisiki hai, ile njia ya kukuza miti upya toka kwenye visiki ambayo Tony Rinaudo wa Australia alianza kuieneza Niger miaka ya 80 na Dodoma imeshika kweli. Unachagua kisiki kinachochipua, unaacha machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unapogolea, halafu unafunga kitambaa ili wachungaji wajue huo mti una mwenyewe.

Kasoro zipo. Waliweka Januari wakati watu wako mashambani wanapalilia, kaya tatu tulikuta milango imefungwa. Hela ya bodaboda toka barabara kuu hawakuisema mapema. Na dada mmoja wa Ujerumani alipata shida, maneno yanatoka Kigogo yanaingia Kiswahili ndo yafike Kiingereza, nusu yanapotea njiani, watafute mkalimani. Chakula ugali wa uwele na mlenda kila siku, kwangu safi kabisa.

Narudi Agosti mavuno yakiisha. Ukienda beba dumu lako la lita 20, utalihitaji kila asubuhi.