The Patent Leather Kid (1927): bondia aliyetetemeka vitani

Nimeitazama hii kwa sababu ya ngumi, na nimebaki nikiifikiria kwa sababu ya woga. Ni filamu bubu ya Marekani iliyoongozwa na Alfred Santell. Richard Barthelmess ndiye bondia mwenyewe, kijana wa New York mwenye nywele zilizopakwa mafuta zikalala na kung'aa kama kiatu kipya, maringo tele, na mikono anayoiamini kuliko kitu chochote duniani. Marekani inapoingia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1917, bendera haimwambii lolote. Curley, mcheza dansi anayempenda (Molly O'Day), anakwenda Ufaransa; yeye anaandikishwa jeshini kwa lazima.

Hapo ndipo filamu inaponishika. Ulingoni mpinzani ni mmoja, refa yupo, na ukizidiwa kengele inaweza kukuokoa. Mbele ya risasi na mizinga hakuna kengele. Huyu mbabe anatetemeka, na kamera haimfichi. Barthelmess hana hata neno moja la kutamka, lakini macho na mabega yake yananieleza kila kitu: yuleyule aliyekuwa akitunisha kifua sasa amejikunja kama mtoto. Ni waigizaji wachache sana niliowaona wakionyesha hofu kwa ukweli namna hii, hata katika filamu zenye sauti. Aliteuliwa kwa hii na kwa filamu yake nyingine, The Noose, katika tuzo za kwanza kabisa za Oscar, zilizotolewa Mei 1929. Emil Jannings ndiye aliyeshinda, ila kura yangu ingekwenda kwa Barthelmess.

Mapigano yenyewe ni makubwa. Sehemu ya filamu ilipigwa kwenye kambi ya jeshi ya Camp Lewis, jimbo la Washington, na ukiona vifaru vinasonga na majengo yanaporomoka, unajua pale hapakuwa na kompyuta ya kudanganya jicho. Mmoja wa wapiga picha wake, Arthur Edeson, baadaye ndiye aliyepiga picha za filamu ya vita All Quiet on the Western Front ya 1930.

Kinachonikera ni mwisho (asiyetaka kuujua aruke aya hii). Bondia anarudi kutoka mapambanoni akiwa amepooza, ile mikono yake haifanyi kazi, halafu wimbo wa taifa unapigwa na mkono unainuka kupiga saluti. Kijana ameumia kiasi kile, amempoteza na kocha wake Puffy, halafu maumivu yote yanageuzwa kuwa sherehe ya bendera! Nilitamani waturuhusu kukaa na hasara yake kidogo.

Nyota nne kati ya tano. Ina urefu wa takriban saa mbili na nusu, na maandishi ya kusoma katikati ya picha ni mengi, kwa hiyo usiiweke usiku ukiwa umechoka. Ukiigawa mara mbili, simama pale anapoingia jeshini.