Kava jipya la difu kwenye Landrova 110: mwaka mmoja wa chumvi ya Mtwara

Kava la zamani la difu, yaani kifuniko cha gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, halikupasuliwa na jiwe, lililiwa na kutu. Fundi alikuwa chini ya gari pale Mikindani anakwangua matope, mara bisibisi ikazama yote. Alipoichomoa, oili ikafuata, nyeusi, na ile harufu isiyotoka mkononi hata uoge na sabuni ya unga. Sikushangaa sana. Gari hili naenda nalo Msimbati kufuata samaki, na kule njia ni ufukwe wenyewe. Bati jembamba la kiwandani litaishi vipi na maji chumvi?

Ekseli yangu ya nyuma ni ya aina ya Salisbury, ya ukoo mmoja na ekseli ya Dana 60 ya Marekani, na kava lake linashikwa na bolti 10. Ndiyo maana nilitafuta la Dana 60 na likakaa bila kulazimishwa. Chungulia chini kwanza kabla hujatoa hela: 110 za kuanzia 2002 hivi zina ekseli nyingine, na difu la mbele bakuli lake limechomelewa, halifunguki.

Muuzaji alining'ang'ania nichukue la aluminiamu lenye mapezi, eti linapooza oili. Nilikataa, na bado naona nilifanya sawa. Aluminiamu ikikaa na bolti za chuma kwenye chumvi inalika pale zinapokutana, na siku ya kufungua bolti inakwama kwenye tundu lake. Nilichukua la chuma cha kusubu, zito, lenye vishimo vinavyomeza vichwa vya bolti. Kwenye njia za mashamba ya mikorosho kule Newala visiki vimelikwaruza mara nyingi, lakini hakuna bolti iliyoguswa.

Kilichoniudhi ni rangi. Lilikuja jeusi, rangi ya unga iliyookwa, inayong'aa, na mwezi wa nne ikaanza kubanduka kuzunguka bolti kama ganda la kitunguu, chini yake kutu tayari. Nikalishusha. Brashi ya waya, msasa, thina mpaka kitambaa kikatoka cheupe, kisha praima ya zinki mikono miwili na rangi ya kijivu juu. Kijivu kwa sababu oili ikivuja unaiona mapema, kwenye nyeusi inajificha. Uso wa gasketi niliuziba kwa selotepu, na pale vichwa vya bolti vinapokalia pia. Rangi ikibaki hapo inapondeka, bolti inalegea yenyewe. Hilo alinifundisha fundi, namshukuru hadi leo.

Kosa letu moja lilikuwa oili. Tundu la kujazia la kava hili liko juu kuliko usawa wa kiwanda, nasi tulijaza mpaka ikamwagika. Safari ya kwanza tu ikatoka povu kwenye kitundu cha kupumulia, ekseli yote ikalowa. Sasa tunafuata usawa wa zamani, tuliupima kwa kijiti. Silikoni ya kuzibia kava nayo tuliipa usiku mzima kukauka kabla ya kumimina.

Masika yamepita, Msimbati nimerudi mara kadhaa, na kila nikitoka huko naliosha kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Rangi imeshika. Bolti mbili za chini tu ndizo zimeanza wekundu, nitazibadilisha kabla ya msimu wa korosho.