Ziara ya Kilwa Kisiwani: muulize nahodha habari za maji kwanza

Mimi ni fundi mwashi wa Mtwara. Basi la Dar lilitushusha njia panda ya Nangurukuru, mimi na mama watoto, tukaingia Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, tukakata kibali cha kutembelea magofu ya mji wa kale, tukapatana na mwenye mashua pamoja na kijana wa kututembeza.

Mashua siisifu. Tuliahidiwa saa mbili asubuhi, tukaondoka saa nne maji yakiwa yameshaanza kutoka. Maboya mawili, watu saba. Kuvuka ni karibu tu, lakini kurudi tulikuta maji makavu: viatu mkononi, tope magotini, mama watoto kapandisha kanga hanisemeshi. Ulizeni maji yanajaa saa ngapi kabla hamjatoa hela.

Kijana wa kututembeza alikuwa mzuri kwenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331, Wareno wakauteka mji 1505, yote anayo kichwani kama kasida. Tulipofika makaburini karibu na Msikiti wa Malindi, akasema, "Hapa ni makaburi tu, twendeni."

Nikagoma. Tukawatolea salamu waliolala, nikachuchumaa kutazama kazi. Hakuna saruji pale. Ni matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Tumbawe la kuchonga lilitolewa baharini lingali laini, likanakshiwa likiwa bichi, maana likikauka ndiyo basi tena. Kuna kona moja niliipima kwa jicho, nikainama nikaipima tena: imenyooka. Nina uzio niliojenga Ligula, kwetu Mtwara, juzijuzi kwa saruji na nondo, una ufa unapitisha kidole. (Mwenye nyumba akisoma hapa, nakuja, nakuja.)

Kwenye makaburi ya mashehe arobaini bahari imekula sehemu. Nilitaka kuruka mawe yaliyoporomoka nipate picha, bibi mmoja aliyekuwa anaokota chaza akaniita: "Mwanangu, zunguka. Hapo unapokanyaga pia wamo." Nikazunguka.

Bebeni maji ya kunywa, jua halina huruma na sisi tulitembea mpaka adhuhuri. Na mwambieni mapema anayewatembeza kwamba makaburini mtakaa. Wetu alinuna kidogo, ila njiani kurudi ufukweni alikuwa ananiuliza chokaa huchomwa kwa kuni gani, na huachwa siku ngapi kabla ya kujengewa.