MikroTik hEX kwa ofisi yenye matawi mawili Dar: inavyoshughulikia trafiki inayoizalisha yenyewe

Ofisi yenye kaunta Kariakoo na stoo Mikocheni, simu za mezani zikipita kwenye VPN (njia ya siri inayounganisha matawi) juu ya faiba ya kawaida, inahitaji ruta inayojua kipi kitangulie laini ikijaa. MikroTik hEX, toleo la RB750Gr3, inaiweza kazi hiyo. Ina milango mitano ya gigabiti, prosesa ya kori mbili ya 880 MHz, RAM ya MB 256 na hifadhi ya MB 16. Inapokea umeme wa DC wa volti 8 hadi 30, kwa hiyo UPS ndogo ya volti 12 unaichomeka moja kwa moja. Kwa jiji ambalo umeme hukatika katikati ya mauzo, hilo peke yake ni sababu nzuri ya kuichagua.

Dukani geuza kifaa usome stika ya chini kabla hujalipa. Kuna hEX mpya, E50UG, yenye RAM ya MB 512 na hifadhi ya MB 128, na jina la mbele ni lilelile. Kama bei hazipishani sana, chukua mpya, kwa sababu MB 16 hubana ukianza kuongeza vifurushi kwenye RouterOS 7, mfumo endeshi wa ruta za MikroTik.

Uzuri wake mkubwa ni mangle, sehemu ya RouterOS ya kuweka alama za DSCP, yaani namba ndani ya pakiti inayoonyesha kipaumbele chake. Pakiti zinazopita tu kutoka kompyuta kwenda nje hupitia cheni (kituo cha sheria) ya forward. Zile ambazo ruta inazizalisha yenyewe, kama maswali ya DNS, saa ya NTP na majibu ya Winbox (programu ya kuisimamia ruta), hazifiki forward wala prerouting. Huanzia output, kisha postrouting. Mafundi wengi huandika sheria zote kwenye forward, halafu hushangaa kaunta (hesabu ya pakiti) ya sheria ya DNS ikibaki sifuri. Kwenye Cisco IOS, mfumo wa ruta za Cisco, njia mojawapo ni ip local policy route-map. Hapa ni cheni moja iliyo wazi, na unachagua pakiti kwa mlango, itifaki, ukubwa au anwani.

Mtego uko kwenye VPN. WireGuard, aina ya VPN tunayotumia hapa, ikishaifunga pakiti ya simu, pakiti ya nje inahesabika kuwa ya ruta, na inapita output kivyake. Tena WireGuard haihamishi alama ya ndani kwenda nje: simu imeweka 46, alama ya sauti, pakiti inatoka na 0. Anayeamua kuipa output yote alama 48, kwa nia njema ya kuilinda ruta, anajikuta amepandisha cheo hata mafaili ya bakapu yanayopita kwenye VPN. Simu zinakatika vilevile, na safari hii kila kitu kina alama ya juu.

Suluhisho ni kutumia ukubwa. Pakiti ya sauti ya G.711 (mfumo wa kusimba sauti ya simu) ya milisekunde 20 ni baiti 200. WireGuard huijaza hadi 208 na kuongeza 60, jumla 268. Pakiti za bakapu zinakaribia 1,500. Kwa laini ya intaneti yenye kasi ya kupakia ya Mbps 10, iliyochomekwa kwenye ether1:

/ip firewall mangle
add chain=forward out-interface=ether1 action=change-dscp new-dscp=0 passthrough=yes
add chain=output out-interface=ether1 protocol=udp src-port=13231 packet-size=0-300 action=change-dscp new-dscp=46 passthrough=yes
add chain=output out-interface=ether1 protocol=udp dst-port=53,123 action=change-dscp new-dscp=16 passthrough=yes
add chain=postrouting out-interface=ether1 dscp=46 action=mark-packet new-packet-mark=sauti passthrough=no
add chain=postrouting out-interface=ether1 dscp=16 action=mark-packet new-packet-mark=ruta passthrough=no
add chain=postrouting out-interface=ether1 action=mark-packet new-packet-mark=mengine passthrough=no

/queue tree
add name=juu parent=ether1 max-limit=9M
add name=q1 parent=juu packet-mark=sauti limit-at=1M max-limit=9M priority=1
add name=q2 parent=juu packet-mark=ruta limit-at=512k max-limit=9M priority=2
add name=q3 parent=juu packet-mark=mengine limit-at=7M max-limit=9M priority=8

Sheria ya kwanza inafuta alama za kompyuta zinazojipa cheo zenyewe. Namba ya mlango (port) 13231 ni ya kawaida ya WireGuard kwenye RouterOS. Kama umeubadilisha, badilisha na hapa. Simu moja ndani ya VPN inakula takriban kbps 107, hivyo 1M inatosha simu tisa. Pakiti nyingine ndogo za VPN nazo zitaingia q1, na hazina madhara. Hiyo 9M ni ya makusudi: foleni lazima ijae ndani ya ruta yako, si kwenye kifaa cha mtoa huduma ambako huna usemi. Bila queue tree, yaani hizo foleni, alama ni pambo tu, maana kwenye intaneti ya kawaida usitegemee mtu akuheshimie DSCP yako. Laini ya kukodi kati ya matawi ni habari nyingine. Huko uliza mkataba unakubali alama zipi.

Laini ikiwa ya PPPoE (ile ruta inayoingia kwa jina na nywila za mtoa huduma), andika pppoe-out1 kila palipo na ether1, kwenye parent pia. Zima sheria ya fasttrack (njia ya mkato ya pakiti) iliyokuja na mipangilio ya kiwandani, la sivyo pakiti za kompyuta zitaruka mangle na foleni haitaziona. Kwenye DNS tumia dst-port, kamwe usitumie src-port: ruta iliyoacha mlango 53 wazi kwa nje itayapa kipaumbele majibu yaliyoagizwa na wavamizi. Na ukiwa umewasha DoH (DNS ndani ya HTTPS), maswali yanatoka kwa TCP 443, kwa hiyo sheria ya 53 haitagusa kitu. IPv6 ina mangle yake, hizi haziihusu.

Kuhakiki, tazama kaunta kwa /ip firewall mangle print stats simu ikiwa hewani, kisha nasa trafiki ya ether1 uifungue kwenye Wireshark na kichujio ip.dsfield.dscp == 46.

Kasoro zake zipo. Hakuna ukurasa rahisi wa kupanga haya yote, kwa hiyo asiyezoea RouterOS amtafute fundi anayeijua. Fasttrack ikizimwa, prosesa inabeba mzigo wote, na WireGuard haina msaada wa maunzi kwenye RB750Gr3, tofauti na IPsec, aina nyingine ya VPN, ambayo inao. Haina Wi-Fi. Kwa laini ya Mbps 20 hadi 50 tunaipendekeza bila kusita. Ukikaribia gigabiti na foleni zikiwa zimewashwa, nunua kubwa zaidi.