Spika za Kusimama Sakafuni kwa Chumba Kikubwa: Zipi Zitangulie

Chumba kikubwa humeza sauti. Spika iliyokusisimua dukani, ukiwa umekaa mita 2 mbele yake, inaweza kunyong'onyea ikifikishwa kwenye ukumbi wa mita za mraba 60 wenye dari la juu, na kosa huwa si la spika bali la hesabu iliyorukwa kabla ya kulipa. Kwa hiyo katika orodha hii nimetanguliza uwezo wa kusukuma hewa, kisha unyeti, yaani kiasi cha sauti ambacho spika hutoa kwa wati 1 ikipimwa umbali wa mita 1. Urembo wa kabati nimeuacha mwisho.

Besi ndiyo inayodai zaidi. Ili kushuka kutoka Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) hadi Hz 20 kwa nguvu ileile ya sauti, viwambo, yaani nyuso za spika zinazotikisika, hulazimika kusukuma hewa mara 4 ya ile ya mwanzo, na hapo ndipo wufa (kipaza cha sauti nzito) moja ndogo, hata iwe ya thamani gani, huishiwa pumzi.

Nafasi ya kwanza naipa Bowers & Wilkins 801 D4, iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na wufa 2 za inchi 10, twita (kipaza cha sauti za juu) yenye kiwambo cha almasi na unyeti wa desibeli 90, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukiipigia rekodi ya dabo besi, ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito, unasikia kwanza kidole kikiachia uzi, kisha mbao za ala zikivuma, na mvumo huo hukoma pale mpigaji alipoukatisha, pasipo kuburuzika. Ijapokuwa imeandikwa omu 8, ukinzani wake kwa umeme hushuka hadi omu 3, na hapo hudai umeme mwingi zaidi, hivyo amplifaya (kikuza sauti) dhaifu haitaiweza. Tena kila spika ina uzito wa takriban kilo 100, na ni vyema kujua itasimama wapi kabla haijapita mlangoni.

KEF Blade One Meta inafuata kwa karibu. Twita yake imekaa katikati ya kiwambo cha sauti za kati, na wufa 4 za inchi 9 zimefungwa ubavuni zikipeana mgongo, kwa hiyo mitikisiko yao hubatilishana na kabati hutulia. Kama wasikilizaji wako hukaa wametawanyika, ningeichagua hii kabla ya ile ya kwanza, kwa sababu anayekaa pembeni hapunjwi sana.

Ya tatu ni Klipschorn, spika ya pembe, yaani yenye mdomo unaopanuka kama tarumbeta, inayotengenezwa tangu 1946, nayo naipenda kwa dhati. Mtengenezaji huitaja kwa unyeti wa desibeli 105: pale inapohitaji wati 1, spika ya desibeli 90 huhitaji takriban wati 32. Imeshuka daraja kwa sababu moja tu: besi yake hutegemea kuta za kona ziikamilishe. Mwenye kona 2 safi kwenye ukuta mmoja, pamoja na amplifaya ndogo ya vali (mirija ya kioo ya kielektroniki), aipandishe hadi juu bila kusita.

Spika bapa za Magnepan 3.7i nimeziweka nafasi ya nne. Hutoa sauti mbele na nyuma na kidogo sana ubavuni, jambo linalozipa uwazi wa kupendeza kwenye sauti za waimbaji, lakini kwa unyeti wa desibeli 86 zinataka wati nyingi, na besi yake ya chini kabisa ni hafifu.

Kabla ya kuamua, simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio ukirukaruka kati ya kuta, zulia nene, mapazia mazito na rafu za vitabu vinastahili fungu la bajeti kabla hujapanda daraja la spika. Spika zikishafika, zisogeze sentimita 10 kwa wakati mmoja, ukiweka alama ya utepe sakafuni kila mara, mpaka besi isikike sawasawa kutoka noti hadi noti ukiwa kwenye kiti chako.