Uzoefu wangu na OpenCap: kupima mwendo wa mgonjwa kwa simu mbili

Kwa timu ya utafiti Nairobi isiyo na maabara ya mwendo, sijatumia kitu bora kuliko OpenCap kupima pembe za goti na nyonga. Ni programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kwa utafiti wa kitaaluma hulipii. Unahitaji iPhone au iPad mbili, stendi mbili, kompyuta yenye intaneti na karatasi ya A4 yenye miraba kama ya drafti. Video hupanda kwenye seva, nawe unarudishiwa kiunzi cha mifupa kinachotembea pamoja na grafu za viungo.

Karatasi hiyo, ambayo programu huitumia kama rula ya kujua ukubwa halisi wa vitu kwenye video, ndiyo huwaponza wengi. Kila mraba uwe na upande wa milimita 35. Ukichapisha cyber kwa mpangilio wa kujaza ukurasa, mraba unaweza kutoka na milimita 33, na programu haina njia ya kujua. Pembe haziharibiki sana, lakini urefu wa hatua na kasi hupanda kwa takriban asilimia 6. Sema ichapishwe kwa asilimia 100, pima mraba kwa rula kabla hujalipa, kisha bandika karatasi kwenye ubao mgumu isije ikakunjamana.

Simu zikae mbele ya mgonjwa, moja kulia na nyingine kushoto, nyuzi 30 hadi 45 kutoka upande anaoelekea, zikimwona kuanzia kichwa hadi nyayo. Fanya kalibresheni, yaani simu zote mbili ziione karatasi ya miraba ili programu ijue zilikosimama, jaza urefu na uzito wake, mrekodi akiwa amesimama wima ametulia, ndipo aanze kutembea. Mtu akigusa stendi baada ya hapo, kalibresheni inarudiwa, hakuna kubahatisha. Dirisha lenye jua likiwa nyuma ya mgonjwa, funga pazia.

Dera, buibui na suruali pana huficha goti. Hapo programu haigomi, inakisia, na grafu inayotoka huweza kupendeza macho ilhali si ya kweli. Weka suruali za kubana za saizi kadhaa na mahali pa faragha pa kubadilishia. Mama asiyeridhia kurekodiwa hivyo apimwe kwa goniometa, kifaa cha mkono cha kupimia pembe za viungo, na asishurutishwe.

Utafiti wa watengenezaji, uliochapishwa 2023, ulilinganisha vipimo hivi na vya maabara kamili kwa watu 10 wenye afya, na wastani wa kosa la pembe ulikuwa nyuzi 4.5. Kiwango hicho cha kosa nakishika sana. Goti la kawaida hukunjika karibu nyuzi 60 mguu ukiwa hewani. Mgonjwa wa kiharusi akitoka 35 hadi 47, naandika kwamba amepata nafuu. Akitoka 35 hadi 38, siandiki chochote, maana tofauti hiyo ni ndogo kuliko kosa lenyewe. Mzunguko wa paja kwenye nyonga siutegemei kwa uamuzi wowote, na kifundo cha mguu bandia nakisoma kwa tahadhari kubwa. Anayetembea kwa kushikiliwa na msaidizi ni mgumu kumpima, maana miili miwili hufichana mbele ya kamera.

Eneo ambalo simu zote mbili huliona ni dogo, kwa hiyo unapata hatua chache tu. Kasi naipima kando: njia ya mita 10, saa ikihesabu mita 6 za katikati. Baada ya kiharusi, aliye chini ya mita 0.4 kwa sekunde kwa kawaida huishia kutembea nyumbani tu, na anayepita 0.8 hujimudu nje. Kwa anayetaka kuvuka Jogoo Road, hiyo ndiyo namba ya kwanza kutazama.

Grafu isisomwe na mtu mmoja. Goti likirudi nyuma mguu ukibeba uzito, mtaalamu wa fiziotherapia atachunguza udhaifu wa misuli ya paja na ukakamavu wa ndama, fundi wa viungo bandia na vishikizo (vifaa vinavyovaliwa kushikilia kiungo) ataangalia pembe ya kishikizo cha kifundo, naye mhandisi atafungua video kuhakikisha kwamba goti lenyewe lilionekana. Mara nyingi jibu la mhandisi ndilo la kuanza nalo.

Video huonyesha uso na huenda seva za nje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa data nyeti, kwa hiyo fomu ya idhini iseme waziwazi, kwa Kiswahili, kwamba picha zinatoka nchini. Katika programu andika namba ya mshiriki, jina libaki kwenye daftari linalofungiwa kabatini.