Kozi ya DRE ya polisi wa Marekani: inafundisha vizuri, inatahini kwa upole

Kifaa cha kupima pumzi kinasoma pombe tu. Dereva akiwa ametumia bangi, fentanili au vidonge vya usingizi, kifaa kitaandika 0.00 huku mwenyewe hawezi hata kusimama sawasawa. Polisi wa Los Angeles walilikabili jambo hilo miaka ya 1970, wakatunga utaratibu wa kumkagua mshukiwa hatua kwa hatua, na mwaka 1979 jeshi lao likautambua rasmi. Leo kozi hiyo inatolewa katika majimbo yote ya Marekani, na Kanada nayo imeichukua. Anayehitimu huitwa DRE, yaani mtaalamu wa kutambua dawa za kulevya mwilini. Cheti chake kinasimamiwa na IACP, chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi, kwa kushirikiana na NHTSA, mamlaka ya serikali kuu ya usalama barabarani.

Huingii kozini moja kwa moja. Kwanza uwe mahiri wa vipimo vitatu vya kando ya barabara: kufuata kalamu kwa macho, kutembea hatua 9 kisigino kwa ncha ya kiatu kwenda na kurudi, na kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30. Sehemu nyingi zinataka pia uwe umepita ARIDE, kozi ya kiwango cha kati inayochukua saa 16. Kwa askari wengi wa doria, ARIDE inatosha kabisa. Inakufunza kutambua kwamba tatizo la huyu dereva si pombe, na kwamba sasa umwite DRE. Anayefanya kazi kituo chenye matukio machache ya namna hiyo asijisumbue kwenda mbele zaidi, kwa sababu ustadi wa DRE usipotumika unapotea upesi. Ada mara nyingi hulipwa kwa fedha za serikali za usalama barabarani. Gharama halisi ni ya kituo, maana askari anaondoka kazini kwa muda mrefu.

Darasa lenyewe ni saa 16 za awali, kisha saa 56 za kozi kuu. Dawa zimegawanywa katika makundi 7: vipumbaza vya ubongo, vichangamshi (miraa nayo imo humu), vileta njozi, dawa za ganzi za jamii ya PCP na ketamini, dawa za maumivu za jamii ya afyuni, vitu vya kunusa kama gundi na petroli, na bangi. Kila kundi lina safu yake katika jedwali moja kubwa: macho yanafanya nini, mboni zina ukubwa gani, mapigo, presha, joto, misuli. Mwanafunzi hulichora jedwali lote kwa kichwa kwenye karatasi tupu. Mistari mikuu haisumbui. Heroini inafinya mboni na kushusha mapigo, kokeini inapanua mboni na kuyapandisha, PCP inatikisa macho na kukaza misuli. Watu hukwama kwenye vighairi. Pombe, kwa mfano, ni kipumbaza, lakini inaweza kupandisha mapigo badala ya kuyashusha.

Ukaguzi una hatua 12, na mpangilio haubadilishwi. Unaanza na kipimo cha pumzi, unamhoji askari aliyemkamata mtu, kisha unamchunguza kwa jumla na kupima mapigo mara ya kwanza. Katika hatua hiyo ya 3 unatafuta ugonjwa pia: jeraha la kichwa, kisukari, mboni zisizolingana. Ukiona dalili, unaacha yote na kuita huduma ya tiba. Yanafuata macho, vipimo vya mizani, presha na joto pamoja na mapigo mara ya pili, chumba cha giza, kukaza au kulegea kwa misuli, alama za sindano na mapigo mara ya tatu, maelezo ya mshukiwa, maoni ya mkaguzi, na mwisho sampuli ya damu au mkojo kwenda maabara.

Mapigo yanapimwa mara tatu kwa sababu ya woga. Mtu aliyekamatwa tu moyo unamdunda, lakini woga hupungua kadiri muda unavyokwenda, ilhali kichangamshi kinaendelea kufanya kazi. Namba tatu zinazoshuka 104, 92, 84 zinakueleza jambo tofauti na 104, 106, 104. Hesabu sekunde 30 uzidishe kwa 2, na usitumie kidole gumba, kwa kuwa kina mapigo yake mwenyewe. Presha nayo huharibika mapema. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ilivyo, na vifaa vingi huja na mkanda wa saizi moja. Nunua mkanda mpana.

Chumba cha giza ndicho kinachomtenganisha mjuzi na mbabaishaji. Unatumia kadi yenye miduara myeusi inayokua kwa nusu milimita, ukiishika kando ya jicho. Unasoma mboni kwenye mwanga wa kawaida (wastani 4.0 mm), kisha mnakaa gizani sekunde 90 ili macho yazoee, unasoma tena (wastani 6.5), halafu unamulika moja kwa moja kwa sekunde 15 (wastani 3.0) ukiangalia jinsi mboni inavyojifinya na kama inafunguka tena. Kwa kipimo cha gizani, ncha ya kurunzi ndogo unaifunika kwa kidole gumba mpaka kibaki kimwanga chekundu, unakisogeza polepole hadi mboni ionekane tu. Hapo ndipo makosa yanapoingia. Macho yetu wengi ni ya kahawia iliyokolea, mpaka kati ya mboni na rangi yake hauonekani upesi, kwa hiyo askari asiye na subira anaongeza mwanga, na mwanga huohuo unaifinya mboni anayoipima. Kosa la pili ni kuzikata sekunde 90. Ukisoma kwenye sekunde ya 40 unapata namba ndogo kuliko ya kweli, na pengine dalili ya bangi au kichangamshi imekupita. Mkufunzi mzuri anakulazimisha kusubiri kwa saa ya mkononi.

Sehemu nyingine inayofundishwa kwa kina ni mchanganyiko wa dawa, na ni haki, kwani wanaotumia dawa moja pekee si wengi kama vitabu vinavyodhani. Heroini na kokeini zikiwa pamoja, moja inavuta mboni ndani na nyingine nje. Unaweza kukuta mboni ya kawaida kabisa kwa mtu aliyelewa chakari. PCP na heroini zikiwa pamoja, mtikisiko wa macho ni wa PCP peke yake, kwa sababu heroini haiuleti. Wakufunzi hutoa seti za namba na kumtaka mwanafunzi aseme ni makundi gani, na kwa zoezi hilo kozi inastahili sifa zote.

Tulalamike sasa. Jedwali linahesabu presha ya kawaida kuwa 120 hadi 140 kwa 70 hadi 90, na mapigo 60 hadi 90. Muulize daktari. Miongozo ya moyo ya Marekani tangu 2017 inaita 130 kwa 80 presha ya juu, na presha nzuri ni ile iliyo chini ya 120 kwa 80. Maana yake kijana mkimbiaji mwenye 112 kwa 66 na mapigo 54 anaandikwa "chini" mara tatu kwenye fomu, sawa na mtu wa afyuni. DRE makini hatamtia hatiani kwa hilo pekee, kwa kuwa mboni hazitamuunga mkono, lakini fomu haina mahali pa kuandika kwamba mtu huyu anakimbia kila asubuhi. Uliza, uandike pembeni.

Baada ya darasa, ambalo mtihani wake wa mwisho unahitaji asilimia 80, hujapata cheti bado. Lazima ushiriki ukaguzi 12 wa watu halisi chini ya mkufunzi, utambue angalau makundi 3 ya dawa, na maabara ikubaliane nawe kwa kiwango cha asilimia 75. Kisha unakaa mtihani mrefu wa maarifa. Hili la uwanjani ndilo lenye thamani kuliko saa zote za darasani. Ndilo pia lenye udhaifu.

Watu wa kukaguliwa hupatikana wapi? Kwa kawaida vituo vya mahabusu vya miji mikubwa, miongoni mwa waliokwisha kukamatwa na wanaojulikana kutumia. Ambapo karibu kila aliyeletwa ametumia kitu, kupata asilimia 75 si muujiza. Hatua ya 2 inakupa tayari maneno ya askari aliyemkamata, kwa mfano bomba lililokutwa kitini, kwa hiyo maoni yako ya hatua ya 11 si ya macho na mapigo peke yake. Na maabara inapothibitisha, inathibitisha kuwa dawa imo, haithibitishi kwamba dereva alishindwa kuendesha. Mkojo unaweza kuonyesha mabaki ya bangi siku nyingi baada ya ulevi kwisha. Upande wa pili, dawa mpya za kutengenezwa ambazo maabara haizipimi hurudi "hakuna", na DRE aliyesema kweli anahesabiwa amekosea. Kozi ingefaa kuwaingiza wanafunzi kwa watu wasiotumia chochote, bila kuwaambia ni nani. Ugumu wa kupata watu wa mazoezi si wa kudhania. Mwaka 2012 Polisi wa Jimbo la Minnesota walisimamisha mafunzo yao ya DRE baada ya madai kwamba askari waliwapa bangi vijana waliokuwa kwenye maandamano ili wawakague.

Mahakama nazo zimeuona mpaka huo kati ya dawa kuwamo mwilini na dereva kushindwa kuendesha. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya New Jersey, katika kesi ya Olenowski, iliukubali ushahidi wa DRE kwa masharti: aseme tu kwamba dalili zinaendana na matumizi ya kundi fulani la dawa, asiseme kwamba dawa ndiyo iliyomlemaza dereva. Serikali isipojitahidi kupata majibu ya maabara bila sababu ya msingi, ushahidi wake unatupwa. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuwa imemfungulia DRE mlango mpana zaidi mwaka 2017 katika kesi ya Bingley. Anayesoma kozi hii New Jersey na anayeisoma Toronto wanatoka na cheti kilekile, lakini kizimbani hawasemi maneno yaleyale.

Jambo moja kwa wasemaji wa Kiswahili. Kipimo cha kutembea kina alama 8 za makosa, na 2 zinatosha kukufelisha. Mbili kati ya hizo hutokea kabla hata ya hatua ya kwanza: kushindwa kukaa kwenye mkao huku ukisikiliza maelekezo, na kuanza kabla ya kuambiwa. Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga, utaanza mapema kwa sababu tu hukuelewa neno "subiri". Sema wazi kwamba unahitaji mkalimani, na askari aliyefunzwa vizuri ataliandika hilo. Kanada, kukataa ukaguzi wenyewe baada ya amri halali ni kosa la jinai. Marekani inategemea jimbo.

Cheti kinadumu miaka 2. Kukihuisha unahitaji ukaguzi 4 tangu cheti kilichopita, mmojawapo mbele ya mkufunzi, mafunzo ya saa 8, na daftari lako la ukaguzi liwe kamili. Daftari hilo ndilo wakili wa utetezi atakaloliomba kwanza. Andika kila ukaguzi, pamoja na ule uliomkuta mtu hajatumia chochote na ule maabara iliokukatalia. Lenye majibu sahihi tupu litazua maswali kizimbani.